Barua kwa mwanangu anayekwenda Mambrui

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi huku Amu, yaani Lamu, hatujambo, alhamdulillah, ila ami yako kifua bado hakijamwachia. Yeye ndiye aliyenipa habari kwamba wiki ijayo unakwenda Mambrui, kule upande wa Malindi, kulitafuta shamba la baba wa babu yako. Alilitaja mbele ya wageni, nami nikaitikia kama ninayejua. Ungenipigia simu, mamangu. Haya, tuliache hilo.

Lile sanduku la hati za ukoo na yaliyomo unayajua kuliko mimi, sina haja ya kukuhadithia. Ninaloliandikia barua hii ni moja: kabla hujaingia ofisi yoyote ya ardhi, nenda kwanza kwa watu wanaokaa pale shambani. Kaa nao. Waambie wewe binti wa nani na umekuja kutafuta nini. Mtu akitokea na karatasi ya zamani mkononi, akipiga picha za miembe kwa simu, hakuna atakayedhani anatafuta nasaba. Watajua amekuja kuwatoa.

Utaniambia, mama, mimi nataka majina tu. Nakuamini. Lakini wao watakuaminije?

Sitaki udhani nakukataza. Siku ile ulipomsomea shangazi yako ile hati ya kadhi kwa simu, herufi za Kiarabu zimefifia na wino umekula karatasi, na wewe unasoma kama unasoma juzuu, nilikwenda ukutani nikasimama peke yangu. Kaka zako wawili wamepita chuo kilekile na hakuna aliyewahi kuifungua hati ile. Kwa hiyo soma, tena soma zote. Umeanza na shamba, na mimi nakuomba usisahau majirani wa shamba. Mwandishi wa wakati ule hakuwa na ramani ya mpimaji wala bikoni za mpaka. Aliandika kibla, yaani kaskazini, ni shamba la fulani bin fulani, suheli, yaani kusini, ni njia iendayo kisimani, mashariki fulani, magharibi fulani. Wale majirani wanne ndio ramani. Na kila mmoja wao alikuwa na hati yake, na ndani ya hati yake mpaka wa upande mmoja ni sisi. Kwetu kukiwa na pengo, kwa jirani huenda tupo. Waandike wote, na mashahidi pia, maana shahidi mara nyingi alikuwa shemeji au mtu wa kikoa, na kutoka kwake utapata ndoa ambazo hazikuandikwa popote.

Jambo jingine la kuangalia ni ile hati ya kupokea rupia, fedha za wakati ule. Usikimbilie kusema shamba liliuzwa. Pwani hii watu walikuwa wakiuza kwa khiyari: mtu akipokea fedha, akiandika ameuza, na huku akibaki na haki ya kurudisha fedha na kulikomboa shamba lake kwa muda waliokubaliana, na mara nyingi aliendelea kukaa palepale akilipa kodi. Ilikuwa njia ya kukopa bila kutamka riba. Mashamba mengi yalipotea hivyo, muda ukapita na fedha hazikupatikana. Lakini mengine yalikombolewa, na hati ya kukomboa huwa karatasi ndogo isiyo na sura, watu huitupa. Itafute kabla hujamlaumu marehemu.

Tarehe ya hati uliyonitajia, mwezi wa mfungo tano 1325 ya Hijria, nimempa mwalimu wa madrasa aihesabu. Anasema ni kama Machi au Aprili 1907. Nilipolisikia hilo sikulala vizuri. Mwaka huohuo, miezi michache mbele, ndipo serikali ilipofuta utumwa katika pwani yetu. Unaelewa ninachosema. Malindi ilipofufuliwa tangu 1861, kwa askari na watu wa Sultani wa Zanzibar, ilifufuliwa kwa mtama na ufuta uliokuwa ukipakiwa majahazini kwenda Arabuni, na mtama ule haukulimwa na wenye hati. Watu wa Amu walikuwa miongoni mwa waliovuka kwenda kuanzisha mashamba kule, na sisi tumo. Baba wa babu yako alikuwa na shamba. Walioshika jembe walikuwa wengine. Ndani ya hati zile utakutana na majina yasiyo na bin, mtu ametajwa kwa jina moja na baada yake imeandikwa huru wa fulani, yaani aliyeachwa huru na fulani. Mwanangu, majina hayo usiyasome kwa sauti Mambrui. Usiyasome hapa Amu barazani, wala usiyatie katika kundi la ukoo la WhatsApp. Wajukuu wa watu wale wapo, wameoana na watu, wanaswalisha misikitini. Yaandike katika daftari lako uyahifadhi, maana na wao ni historia, pengine ndiyo sehemu kubwa ya historia. Siku mmoja wao atakapokuja kukuuliza mwenyewe, mpe. Akija yeye.

Sasa nirudi kwa wale wanaokaa pale. Umeniambia una cheti cha Kiingereza kilichotokana na ile sheria ya mwaka 1908. Kile cheti kina nguvu, silikatai. Sheria ile ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa maili kumi wa pwani aje mbele ya afisa wa hati, alete karatasi zake na mashahidi, na akikubaliwa apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Hata katika makubaliano ya Oktoba 1963, Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipoandikiana juu ya ukanda huu kabla ya uhuru, iliwekwa kwamba hati za umiliki zilizopo zitaheshimiwa. Ndiyo maana madalali wanazitafuta karatasi hizi kama watu wanaotafuta ambari ufuoni.

Lakini tazama upande wa pili wa cheti. Nani alikuwa na hati ya kadhi ya kupeleka? Nani alijua siku ya kudai na lugha ya kudai? Aliyeachwa huru na kubaki akilima palepale hakuwa na karatasi. Mgiriama ambaye ardhi yake ilikuwa ya mbari hakuwa na karatasi. Na mwaka 1914, baada ya Mekatilili, yule mwanamke wa Kigiriama, na wenzake kukataa amri za Mwingereza, Wagiriama waliamriwa waondoke kaskazini ya mto Sabaki na nyumba zao zikachomwa moto. Mambrui iko kaskazini ya Sabaki, mwanangu. Huko ndiko unakokwenda na cheti. Bibi wa watu utakaowakuta huenda alizisikia habari za moto ule kwa mamake, kama wewe ulivyosikia habari zetu kwangu. Ndiyo maana nasema nenda kwao kwanza.

Tena kuna jambo la miti. Katika pwani hii mtu anaweza kumiliki mnazi asimiliki mchanga ulioshika mizizi yake. Ile mikorosho na miembe utakayoikuta, usiitazame kama mali iliyoandikwa katika hati yako. Imepandwa na mikono ya watu walio hai au ya baba zao. Ukimkuta mzee, muulize nani alipanda mti huu, na mama yake alikuwa wa wapi, na shamba hili walikuwa wakiliitaje. Utapata majina ya mahali ambayo hakuna karani aliyeyaandika. Na hapohapo utakuwa umemwambia, bila kusema, kwamba unajua mti ni wake.

Ami yako ana mawazo mengine. Anasema sheria inahesabu miaka 12, kwamba mtu akikaa wazi juu ya ardhi ya mwingine miaka 12 bila ruhusa anaweza kwenda mahakamani aiombe iwe yake, kwa hiyo tusichelewe, tuweke wakili. Sheria hiyo ipo kweli. Lakini hebu pima: watu wamekaa pale tangu kabla sijazaliwa mimi. Sisi tulikuwa wapi? Mimi sitaki ekari. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuitaja kama mali. Ukienda kwa ajili ya majina, nakupa radhi zangu zote. Ukienda kwa ajili ya ekari za ami yako, radhi yangu haipo, na hili nalisema waziwazi ili lisije likasemwa sikulisema.

Mombasa uliko ndiko kuliko na daftari za hati za pwani, zile zenye namba zinazoanza na CR. Najua unaweza kuvuka barabara ukaombe waangalie leo hii. Subiri. Ofisini ukishaomba jalada, jina lako limeandikwa, na habari hufika Malindi kabla yako. Dalali akizipata, atakwenda kuwaambia wale watu kwamba mwenye shamba amekuja, na atawauzia hofu. Nenda kwao kwanza, halafu urudi Mombasa uombe unachotaka.

Utakapoomba, tafuta kwa kila namna ya kuandika jina. Karani aliandika alivyosikia: Athman, Othman, Uthman, wote ni mtu mmoja. Na sisi hatukuwa na jina la ukoo la mwisho kama wanavyotaka siku hizi, ni bin juu ya bin. Ukishika jina la tatu utampoteza mtu, shika mnyororo wote. Na watazame mabinti. Huku Amu nyumba za mawe zilikuwa zikipewa mabinti wanapoolewa, kwa hiyo mara nyingi nyumba inafuata wanawake na shamba linafuata wanaume, na anayefuata shamba peke yake hukuta nusu ya ukoo haipo. Mamake baba wa babu yako yumo katika hati ya nyumba ya Mkomani, mtaa wa hapa Amu, si katika hati za Malindi. Kama kuna nyumba iliyowekwa wakfu, uliza kwenye tume ya wakfu hapohapo Mombasa, maana hati ya wakfu hutaja watu vizazi kwa vizazi, nani akae na nani amfuate.

Karatasi asili usizitoe mfukoni kwa mtu. Wakili, mwalimu, mtu wa makumbusho, mpe nakala. Na usizipitishe plastiki kwa ile mashine ya moto, zitaharibika. Zifunge kwa kitambaa cha pamba.

Na kwa kuwa umezitazama hati za nyumba ya Mkomani, najua umeona fungu la shangazi yako halikuandikwa. Baba yako kila mwaka alikuwa akisema baada ya Ramadhani twende kwa kadhi. Ramadhani zikapita. Na mimi nilikuwa ndani ya nyumba, nikipika katika jiko ambalo theluthi yake si yangu, na sikuwa nikiuliza. Shangazi yako hajawahi kulitamka, na ndiyo maana nataka liandikwe angali hai. Nimemwambia ami yako tukutane kwa kadhi akipona. Uje na wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayejua hati inaandikwaje. Usimwambie shangazi yako kwamba ni mimi niliyelianzisha.

Ukifika Malindi usilale mjini peke yako kwa watu usiowajua. Binamu wa marehemu nyanya yako yuko Shella ya hukohuko Malindi, namba nitakutumia. Mchukulie kilo mbili za sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu. Mambrui nako usiende mikono mitupu. Na vaa buibui lako, usiende na ile suruali ya kazi yenye mifuko, utaonekana mtu wa upimaji.

Niambie pia kama unakula. Sauti yako kwenye simu ilikuwa nyembamba.

Huku bei ya samaki imepanda tena, kaskazi imekuwa kali na wavuvi hawatoki. Jirani wetu amepata mtoto wa kike, wamemwita jina la nyanya yako. Boriti mbili za dari ya chumba cha nyuma zimeoza, unga unaanguka juu ya kitanda. Nimehamishia sanduku chumba cha mbele na juu yake nimeweka turubai. Fundi anasema boriti nzuri ya mkoko haipatikani kwa urahisi siku hizi, anataka tuweke mbao za dukani. Mimi sitaki mbao za dukani. Mjomba wako ameahidi kuulizia Ndau. Fundi anataka nusu ya fedha kabla ya Ijumaa. Kama mshahara umeshatoka nitumie kwa M-Pesa, kama haujatoka usikope, nitauza ile cherehani ya pili.

Nijibu kabla hujapanda gari la Malindi. Nataka neno lako kwamba utakwenda kwao kwanza.

Mamako