Rivyu za Broadway na jasho la wanenguaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala mliyochapisha juu ya rivyu za Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho mjini New York, za mwanzoni mwa karne iliyopita, yaani yale maonyesho ya jukwaani yaliyochanganya nyimbo, vichekesho, dansi na magwaride ya mavazi bila kufuata hadithi moja. Nilifundisha sanaa za maonyesho kwa miaka mingi hapa Moshi, na ni nadra kuikuta mada hii katika gazeti la Kiswahili, kwa hiyo niliisoma makala hiyo mara mbili. Mwandishi ameyaeleza manyoya na taa kwa ufasaha. Waliovaa manyoya hayo amewasahau.

Ni kweli kwamba Florenz Ziegfeld, mwandaaji wa maonyesho mzaliwa wa Chicago, alianzisha rivyu yake iitwayo Follies mwaka 1907 juu ya paa la ukumbi mmoja wa New York, akifuata mtindo wa ukumbi wa Folies Bergère wa Paris. Fahari kubwa ilikuja baadaye, onyesho lilipohamia New Amsterdam mwaka 1913, ukumbi wenye viti takriban 1,700, na hasa alipoajiriwa mbunifu wa jukwaa Joseph Urban kutoka Vienna mwaka 1915. Huyu alipaka mandhari ya jukwaa kwa vidoadoa vya rangi nyingi, ili taa ya rangi moja ikiwaka watazamaji waone kitu kimoja, na ikiwaka nyingine waone kingine. Huo ni ufundi wa kweli, wala siubezi.

Lakini katika jukwaa hilohilo alisimama Bert Williams, mchekeshaji mweusi mzaliwa wa Bahamas, aliyejiunga na Follies mwaka 1910 huku baadhi ya wenzake weupe wakitishia kujitoa kwa sababu yake. Ziegfeld hakumwacha, na hilo tumpe. Hata hivyo, Williams alipanda jukwaani akiwa amejipaka masizi usoni, mtu mweusi akijifanya mweusi ili wateja wacheke.

Halafu kuna mwaka 1919, ambao makala imeupita kana kwamba haukuwapo. Wakati huo wasanii wa New York walifanya mazoezi bila malipo kwa muda wowote ambao mwenye onyesho angependa, na wengi walijinunulia mavazi. Mwezi Agosti waligoma. Wanenguaji, ambao hapo awali hakuna aliyewahesabu, waliunda chama chao chini ya uenyekiti wa mchekeshaji Marie Dressler. Eddie Cantor, nyota wa Follies, alikataa kupanda jukwaani, na onyesho la Ziegfeld likasimama. Baada ya takriban mwezi mmoja wenye kumbi walikubali, pamoja na mengine, kwamba mazoezi yasiyolipwa yawe na kikomo. Hayakufutwa, Mhariri. Yaliwekewa kikomo tu, na hata hilo lilihitaji kumbi zifungwe.

Sisi tulioona vikundi vya maonyesho vya hapa Tanzania kama Muungano, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), hatuhitaji kuelezwa sana rivyu ni kitu gani, maana kwa tiketi moja tulipata ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho na taarabu hadi usiku wa manane. Ndiyo maana habari ya 1919 hainijii kama habari ya ugenini. Mjukuu wangu hucheza katika kikundi kinachotumbuiza watalii mjini Arusha. Mwaka jana alifanya mazoezi kwa wiki saba kwa ajili ya onyesho moja kubwa, akajishonea vazi, akajilipia nauli ya kila siku, na hesabu ya ujira wake ikaanza usiku wa onyesho lenyewe. Alipouliza, mwandaaji alimjibu kwamba mazoezi ni masomo, na mwanafunzi halipwi. Nilimwambia kwamba jibu hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, naye akadhani namtania.

Mwandishi wenu ameahidi sehemu ya pili. Namwomba, kabla hajarudi kwenye manyoya, apite katika kumbi za Arusha na Moshi wakati wa mchana, mazoezi yakiendelea, awaulize vijana ni nani anayelipia saa hizo na ni nani aliyenunua viatu walivyovaa.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi