Polima zikichanganyika, kazi haijaisha

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu kuhusu rangi za mabati imenichosha. Mwandishi wenu anadai kwamba polima mbili, yaani dutu zenye molekuli ndefu kama minyororo, zikishachanganyika kabisa huwa kitu kimoja, na tabia ya rangi huamuliwa na vipimo vya mchanganyiko peke yake.

Si kweli. Rangi bora ya mabati huwa na takribani asilimia 70 ya polivinilideni floridi, ambayo mafundi huiita PVDF, na asilimia 30 ya akriliki. Zikiyeyuka, huchangamana hata usiweze kuzitenga. Zikipoa, ni PVDF tu inayounda fuwele. Viini huzuka hapa na pale, na kutoka kila kiini matabaka membamba hukua pande zote mpaka yakafanya tufe, huku akriliki, isiyoweza kupangika ndani ya fuwele, ikinaswa katikati ya matabaka hayo. Uwepo wake huchelewesha ukuaji kwa njia mbili: hushusha joto la kuyeyuka kwa fuwele, ambalo kwa PVDF tupu hukaribia nyuzi 170 za selsiasi, kama watafiti Nishi na Wang walivyoonyesha mwaka 1975, na hufanya minyororo ya molekuli ijongee kwa uzito, maana akriliki yenyewe hukakamaa karibu na nyuzi 105. Ndiyo maana mwendo wa kupoza una neno. Rangi ileile ikizamishwa majini mara itokapo tanurini hubaki na fuwele chache na hukubali kukunjwa. Ikiachwa ipoe polepole, fuwele huongezeka na unyumbufu hupungua.

Nilipopaua nyumba yangu, rangi ilipasuka palepale fundi alipokunja bati, na muuzaji, badala ya kuniambia lilivyopozwa kiwandani, akanisomea taarifa yenu kuthibitisha kwamba mchanganyiko ukiwa uleule bati haliwezi kutofautiana! Wauzaji hawa hukutajia geji na rangi, nyekundu au kijani, na miaka ya dhamana. Ukiwauliza jina la polima wanakutazama kana kwamba umewatukana.

Naomba nyuma ya kila bati pachapwe, kwa herufi zisizopungua sentimita moja, majina ya polima, uwiano wake na namna rangi ilivyopozwa. Nanyi mchapishe masahihisho katika ukurasa uleule, pamoja na picha ya tufe za fuwele zilivyo chini ya hadubini.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Morogoro