Bani anaondoka Alhamisi

Mwanangu,

Jumapili ulinikatia simu. Sijakasirika, hata mimi ningekata. Ila lile neno lako la mwisho nimelala nalo siku tatu: "Mama, umetufundisha kumpenda, kumbe ulikuwa unawanenepeshea watu." Leo niko zamu ya usiku, wazee wangu wote wamelala, kwa hiyo nakuandikia. Kwenye simu huniachi nimalize.

Ni kweli, mbwa wetu Bani anaondoka Alhamisi saa tatu asubuhi, anarudi kwa wenyewe, wale wanaofundisha mbwa wa kuongoza wasioona. Ametimiza miezi kumi na minne. Tulimchukua ana wiki nane, anatosha kwenye kikapu cha nguo, na siku hiyohiyo walitwambia huyu si wenu. Hata jina hatukumpa sisi. Watoto wa tumbo moja hupewa majina yanayoanza na herufi moja, yeye na nduguze wakaangukia B, wakamwandika Barney. Bibi yako huko Kongwa, Dodoma, ndiye aliyemgeuza Bani, likabaki hilo. Chakula wanalipa wao, daktari wa mifugo wanalipa wao. Sisi tulitoa nyumba, miguu ya kutembea, na usingizi. Na huo usingizi ndio ghali! Wewe unakoroma juu, mimi nimesimama uani saa tisa usiku, kanga juu ya koti, mvua ya hapa Coventry, Uingereza, inaninyeshea, nasema "busy, busy" kama mtu aliyepandisha mashetani. Ndilo neno tulilopewa la kumwambia ajisaidie. Jirani wa kushoto mpaka leo ananiangalia kwa huruma.

Mwaka jana uliniuliza swali, nikakupiga chenga. Ulisema, "Mama, wewe mtu wa Kongwa, mbwa kwenu analala nje anakula makombo, umeingiwa na nini?" Nikakujibu nimeona tangazo kazini. Tangazo nililiona kweli, lakini hilo halikuwa jibu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa haoni. Vikope vilimmaliza macho. Kwetu ni nchi ya ng'ombe na vumbi, maji ya kubeba kichwani, na nzi hawakosi usoni mwa mtoto. Ugonjwa ule hupita kwa mikono, kwa vitambaa, kwa haohao nzi. Unaupata utotoni, unakurudia na kukurudia, mwishowe kovu linavuta ukope ugeukie ndani, na kila ukipepesa nywele zinakwaruza jicho. Bibi alikuwa na kibanio kidogo cha chuma, anakifunga kwenye pindo la kanga yake. Jioni babu analaza kichwa mapajani mwake, bibi anang'oa kope mojamoja. Babu hasemi kitu, vidole vyake vya miguu tu ndivyo vinavyojikunja. Kope zilikuwa zinaota tena, fupi na ngumu kuliko za kwanza. Nilipofika miaka saba alikuwa haoni hata moto, nami nikapewa fimbo.

Wewe mtoto unashika ncha ya mbele, mzee anashika ya nyuma. Nilimpeleka kanisani, mashineni, kilabuni, na kwa watu waliokuwa na deni lake la mbuzi. Shule nilianza na miaka kumi, nikakaa dawati moja na watoto wanaonifika kiunoni. Watu walikuwa wanasema namwongoza babu, lakini njia aliijua yeye. "Tukipita mbuyu, ukisikia mashine mkono wa kulia, kata kushoto." Alijua tumefika kwa nani kwa harufu ya zizi. Mimi nilijua mashimo tu, na miiba, na ng'ombe anayekuja.

Siku moja wavulana walikuwa wanacheza mpira wa matambara kando ya korongo. Nikageuza shingo. Mimi nilikuwa napita ukingoni salama, yeye mguu wake ukakanyaga hewa. Akaenda chini na fimbo yake, mkono ukavunjika hapa juu ya kiganja. Hakunipiga. Alikaa pale kwenye mchanga, ameshika mkono wake, akauliza, "Nani kafunga?"

Hili sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako.

Sasa kikao chetu cha kwanza cha walezi, yule dada mwalimu akatueleza kazi ya mbwa hawa. Mbwa hajui unakokwenda. Rangi za taa za barabarani hazimhusu. Mtu asiyeona ndiye anayesikiliza magari, ndiye anayeamua kuvuka, ndiye anayesema mbele. Kazi ya mbwa ni kusimama njia ya miguu inapoishia, kukwepesha nguzo na mashimo, na kukataa amri kama gari linakuja. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Alitueleza pia kwamba Wajerumani ndio waliofungua shule ya kwanza, mjini Oldenburg mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Hapa Uingereza ilikuwa 1931, wanawake wawili kule Wallasey na mbwa wanne, Judy, Flash, Folly na Meta. Kuwagawa watoto wa mbwa majumbani kwa watu wa kujitolea kulianza 1956. Nami naona ni sawa, maana mbwa aliyekulia bandani atazijulia wapi ngazi, treni, feni, na mtoto wa jirani anayelia sakafuni?

Tangu uende Glasgow amekuwa mtu mzima. Chakula nikimwekea anakaa, macho kwenye bakuli, mate yanadondoka, hanyanyuki mpaka nipulize filimbi mara tatu. Tunaenda soko la Coventry, tunapita kwenye samaki, anatembea kama shemasi. Duka moja mlinzi alitutoa, koti lake la buluu halikusaidia. Mbwa aliyehitimu ana sheria ya usawa ya mwaka 2010 nyuma yake, huyu anayejifunza anaingia kwa hisani tu, basi tukaondoka. Wiki iliyopita, kituo cha basi, mtu katupa mfupa wa kuku mbele ya pua yake. Pua ikacheza. Sikuvuta kamba. Akaniangalia mimi, akauacha ule mfupa, tukapita. Na Jumamosi pale bustanini watoto walikuwa wanapiga mpira, kelele tupu. Akageuka mara moja, akarudisha kichwa mbele. Bani kanishinda, mwanangu.

Uliuliza kwa nini wasiwapeleke mbwa hawa Kongwa. Kwenda wapi, kwenye barabara isiyo na ukingo, bodaboda zinatoka pande zote na mbwa koko wanamsubiri? Kongwa watu wananawisha watoto nyuso, dawa inagawiwa bure kijiji kizima, na kope zilizogeuka zinafanyiwa upasuaji mdogo kabla jicho halijafa. Hiyo ndiyo dawa yetu, kipofu asiongezeke. Lakini mimi niko Coventry, kibanio cha bibi sijui kiliishia wapi, na huku nilichoombwa ni hiki.

Akitoka kwetu atafundishwa miezi kadhaa, avalishwe ule mkanda wa kifuani wenye mshikio, kisha atafutiwe mtu wake. Wanalinganisha mpaka mwendo, mtu wa haraka hapewi mbwa mzito. Wengine hawafaulu. Hao hawatupwi, wanapewa kazi nyingine au nyumba ya kuishi tu. Najua unaomba ashindwe. Jumatatu hata mimi niliomba hivyo nikiwa nafua taulo lake, halafu nikaona aibu, nikaomba upya.

Kuna mtu mahali, simjui, pengine yuko ndani tangu asubuhi anamngoja mtoto wake atoke shule amshike mkono waende dukani. Huyo mtoto ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko huyo mtu.

Piga simu Jumatano usiku, baada ya saa mbili, nitaweka sauti kubwa umuage. Usilie sana, atababaika, na mimi ndiye nitakayelala naye.

Kiatu chako cha kushoto alichokitafuna nitakulipa mwisho wa mwezi. Wameniuliza kama nitachukua mwingine Februari, nimeshasema ndiyo. Ukija Krismasi anza kuzoea kuweka viatu juu ya kabati.

Mama yako