Wanafunzi wa ubunifu majengo waletwe Gerezani

Mhariri,

Mimi ni mchomeleaji wa vyuma hapa Gerezani, Dar es Salaam. Naomba nafasi kidogo niseme na walimu wa ubunifu majengo, wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzao wa Mbeya.

Marekani kuna shindano ambalo kwa zaidi ya miaka 20 limekuwa likiwataka wanafunzi wa fani hiyo wabuni jengo ambalo mzigo wake mkubwa unabebwa na chuma. Linaendeshwa na ACSA, umoja wa vyuo vinavyofundisha ubunifu majengo Amerika Kaskazini, na mfadhili wake ni AISC, taasisi ya watu wa chuma cha ujenzi. Mwanafunzi ana hiari: ama abuni aina ya jengo iliyotajwa mwaka huo, ama aje na wazo lake. Wafadhili hao hawatoi sadaka. Wanajua kijana aliyezoea chuma akiwa chuoni ndiye atakayekiagiza akishaanza kazi. Mimi sioni ubaya wowote hapo.

Sisi mkazo wetu ni zege, na kwenye zege tuna watu wa kujivunia. Nenda Soko la Kariakoo ukatazame ile miavuli ya zege ya marehemu Beda Amuli. Lakini maghala, vituo vya mafuta, kumbi za harusi na makanisa makubwa yanayojengwa siku hizi mapaa yake ni chuma, na michoro yake inaishia mikononi mwetu huku Gerezani.

Michoro hiyo, Mhariri, mingine inachekesha mpaka ukumbuke kuna mtu ameilipia. Skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, dukani ni mita 6. Kijana anachora boriti ya mita 6.30, kwa kuwa kwenye kompyuta ilikaa vizuri hivyo. Kwa sababu ya sentimita 30 hizo, kila boriti lazima iungwe, na kila kiungo ni vijiti vya kuchomelea, ni muda wa grenda, na ni mahali pengine pa kutu kuanzia. Mwingine anaweka bolti ndani kabisa ya kona, bamba huku na bamba huku, spana haina pa kuzungukia. Mwingine anasimamisha nguzo za boksi, zilizo wazi ndani, uani, juu hazikuzibwa, chini hazina tundu. Mvua inaingia na kukaa humo. Nje rangi inang'aa, na baada ya misimu michache ukiigonga nguzo kwa nyundo karibu na sakafu inalia kama debe. Na hapo sijagusa habari ya upepo wa chumvi wa Kigamboni.

Najua jibu litakalokuja: hayo ni ya mhandisi. Si kweli yote. Mhandisi atapiga hesabu ya unene wa chuma na idadi ya bolti, lakini maji yatatuama wapi, kiungo kitaonekana au kitafichwa, fundi atapenyeza mkono vipi, hayo yanaamuliwa na aliyechora mstari wa kwanza. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa 1883, baraza zake zikabebwa na nguzo za chuma cha kusubu zilizosimama hadharani, kila mpita njia akiziona. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020, nasi tulioachiwa urithi huo bado tunakimbilia kufunika kila chuma kwa jipsamu, kana kwamba ni aibu ya familia.

Hata hilo shindano la Marekani lina upungufu mmoja: linahukumu michoro. Wenzao wa uhandisi wanalo la kwao la madaraja, nalo pia liko chini ya AISC. Kule timu inabuni daraja dogo la chuma, inatengeneza vipande, inaviunga huku saa ikihesabu, kisha daraja linabebeshwa mzigo wa zaidi ya tani moja watu wakitazama. Likipinda limepinda, hakuna maelezo ya kumlainisha jaji.

Basi tukianzisha letu, tuchukue kwa wote wawili. Mada isiwe mnara wa ghorofa 40, minara hiyo tumeiona ya kutosha kwenye maonyesho ya vyuo. Iwe kituo cha daladala chenye kivuli cha kweli, au banda la mama lishe linalofunguka asubuhi na kufungika jioni, au daraja la waenda kwa miguu mbele ya shule. Kila mshiriki achague kiungo kimoja cha jengo lake, akitengeneze kwa ukubwa wake halisi, yeye na fundi, kwa vyuma vinavyopatikana dukani na kwa urefu ule ule vinavyouzwa. Kwenye meza ya majaji aketi fundi mchomeleaji, apewe kura sawa na daktari wa falsafa aliye pembeni yake. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ingeweza kulibeba jambo hili, maana ndiyo itakayowasajili vijana hawa kesho.

Fedha isiwe kisingizio. Mabaki ya chuma tunayo tele, mengi yanaishia kwa wauza skrepa kwa bei ya kutupa. Walimu walete vijana Jumamosi mchana, kazi zikiwa zimepungua. Viatu wavae vya kufunika vidole. Miwani ya kuchomelea tutawaazima.

Mchomeleaji,
Gerezani, Dar es Salaam