Amplifaya ya mfukoni ipimwe kwa hedifoni, si kwa miliwati

KWA MHARIRI,

Ukurasa wenu wa teknolojia wiki iliyopita ulipanga amplifaya ndogo za mfukoni, vile vikuza sauti vya hedifoni, kwa nguvu: yenye miliwati nyingi juu, yenye chache chini. Kisha ukamshauri msomaji anunue ya juu kabisa kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Naomba kupinga. Kazi yangu hapa Kisauni, Mombasa, ni kuhamisha kanda za zamani za taarab ziingie kwenye kompyuta, na kutwa nzima nimevaa hedifoni. Amplifaya inayofaa kwa hedifoni hii yaweza kuwa hasara tupu kwa ile.

Mezani kwangu zipo mbili za waya. Moja ni Sennheiser HD 650, yenye ukinzani (jinsi inavyouzuia umeme kupita) wa omu 300. Nyingine ni Fostex T50RP, toleo la tatu, omu 50. Anayetazama omu pekee atasema ya kwanza ndiyo ngumu na ya pili hata simu itaimudu. Lakini HD 650 ukiipa volti 1 hutoa desibeli 103 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali T50RP ukiipa miliwati 1 hutoa 92 tu. Tuseme nataka zote zifike desibeli 110 katika ile nukta fupi ngoma ya dumbak inapopigwa kwa nguvu. HD 650 itahitaji volti 2.2 hivi na mkondo wa umeme wa miliampea 7 na nusu. T50RP itahitaji volti 1.8, lakini miliampea zipatazo 35, karibu mara tano. Ya kwanza ni kisima kirefu: ndoo (mkondo) ndogo yatosha, kamba (volti) ndiyo sharti iwe ndefu. Ya pili kamba yake ni fupi kidogo, ila yataka ndoo kubwa. Ndiyo sababu amplifaya moja niliyonayo huimba vizuri mno na HD 650, ala za udi na kanuni unazisikia kila moja mahali pake, lakini ukiihamishia T50RP na kupandisha sauti, besi inalegea na mapigo makubwa yanakwaruza. Haijaharibika. Haina mkondo wa kutosha tu.

Zile ndogo za kuchomeka sikioni, yaani iafoni, zina shida ya upande wa pili. Chukueni Shure SE846, omu 9. Nguvu haihitaji, hata simu ya kawaida huitosheleza. Inachohitaji ni amplifaya ambayo ukinzani wa tundu lake, pale unapochomeka waya, ni mdogo sana, kwa sababu ukinzani wa iafoni za aina hiyo hupanda na kushuka kufuatana na sauti, nene au nyembamba. Tundu likiwa na ukinzani wa omu 10, sauti nyingine zitapungua na nyingine zitajitokeza, na mwimbaji uliyemzoea atasikika kama ana mafua. Mafundi wana kanuni yao: ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa SE846 ni kama omu 1. Kwa HD 650 unaweza kufika hata 37. Takwimu hii makala yenu haikuigusa, na kwa mwenye iafoni ndiyo ya kwanza kuuliza. Tena amplifaya yenye nguvu nyingi ukiichomeka kitu chepesi hivyo, mara nyingi utasikia mvumo hata muziki haujaanza.

Kuna na hili la majina. Beyerdynamic DT 770 Pro huuzwa ikiwa ya omu 32, 80 au 250, jina lilelile, umbo lilelile. Kijana jirani yangu aliuzwa ya 250 katika duka moja la mjini bila kuulizwa ataichomeka wapi. Alipoona kwenye simu inanong'ona, akaamini ameuziwa bandia. Niliishika mwenyewe, ni halisi kabisa. Ili itoe sauti sawa na ile ya omu 32, inataka volti karibu mara tatu. Muuzaji angeuliza swali moja tu, kijana angeondoka na ya 32 na asingehitaji amplifaya hata kidogo.

Hata adapta zile fupi za USB, za kuchomekea hedifoni kwenye simu, hazilingani. Ile ya Apple inayouzwa Marekani hutoa volti 1, na inayouzwa Ulaya hutoa nusu yake, yaani desibeli 6 pungufu. Kwa hedifoni ya Audio-Technica ATH-M50x ya omu 38 hutaona tofauti ya maana, kwani hiyo ni nyepesi. Kwa HD 650 na kanda iliyorekodiwa chini chini, utaiona sana. Na kwenye simu nyingi za Android adapta hiyo hutoa sauti ndogo kuliko uwezo wake, basi msiilaumu hedifoni kabla ya kuijaribu kwenye kompyuta.

Miliwati za ziada zina hatari pia, na hapa nawaza vijana. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 saa hizo hushuka hadi 4. Anayepewa amplifaya kubwa kwa iafoni nyepesi hufika huko kwa kugusa kitufe kidogo tu.

Kwa hiyo ombi langu: mkilinganisha tena, kwa kila hedifoni andikeni omu na desibeli zake, na mseme ni kwa volti 1 au kwa miliwati 1. Kwa kila amplifaya andikeni volti, miliampea na ukinzani wa tundu. Halafu zijaribuni kwa jozi, hedifoni ngumu, nyepesi na iafoni, mtuambie ipi ilikaa na ipi.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa