Safari ya Mitumbwi: Dunga hadi Kendu Bay

Ndugu wanakikundi, hamjambo.

Kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kupiga kafi kwa zaidi ya saa moja, nimeamua safari yetu ya Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria, ichukue siku mbili, tukilala ufuoni Nyakach. Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 25 tu, lakini tutaambaa na ufuo, na njia hiyo ni ndefu zaidi.

Tutaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wala sitamsubiri atakayechelewa, kwa sababu alasiri upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi yake humchosha hata mvuvi mzoefu. Gugumaji likituzibia njia, tutalizunguka. Kulipenya kunamaliza nguvu bure. Tutakaa mbali na mafunjo, maana ndimo viboko hujificha.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe muda wote, hata na anayejua kuogelea; kwa hili sitalegeza kamba. Kila mmoja abebe maji ya kunywa, kofia na nguo kavu zilizofungwa ndani ya plastiki. Asiyejiamini anieleze mapema, nami nitamweka mtumbwi mmoja na mwenyeji wa ziwa.