Barua ya wazi kwa vijana wanaotafuta "vitabu vilivyofichwa"

Wanangu wapendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimezitazama zile video mnazotumiana, eti Konstantino, kaisari wa Roma, aliketi na maaskofu mjini Nikea mwaka 325 wakachagua vitabu vya Biblia na vingine wakavizika. Kanuni za Nikea zipo mpaka leo. Zinahusu maaskofu, mapadre, na waumini walioikana imani wakati wa mateso. Orodha ya vitabu haimo.

Kuvichagua vitabu kulikwenda polepole, tena hadharani. Chukueni Ufunuo wa Petro, kitabu cha karne ya 2 ambacho hakimo katika Biblia yetu. Humo Petro anaonyeshwa adhabu za wenye dhambi: walioitukana njia ya haki wananing'inizwa kwa ndimi zao, na chini yao moto unawaka. Orodha ya kale ya vitabu vya Agano Jipya, iitwayo ya Muratori, inaupokea sambamba na ule wa Yohana, halafu inakiri kwamba wapo kati ya Wakristo wenyewe wasiotaka ule wa Petro usomwe kanisani. Wameandika hata ubishi wao wenyewe! Mwenye kuficha haandiki hivyo. Karne ya 5, baadhi ya makanisa ya Palestina yalikuwa bado yanausoma kila Ijumaa Kuu.

Ule wa Yohana nao ulisumbua. Dionisio, askofu wa Aleksandria karne ya 3, aliulinganisha Kigiriki chake na cha Injili ya nne, ya Yohana, akaona hawezi kuwa mwandishi mmoja. Hata hivyo hakuthubutu kuukataa. Biblia ya kale ya Kisiria, Peshita, haikuwa nao. Ni mwaka 367 ndipo Athanasio, askofu wa Aleksandria hiyo hiyo, alipovitaja katika barua yake ya Pasaka vitabu 27 vya Agano Jipya tulivyonavyo.

Na kile kitabu cha Henoko mnachokishangilia kinanukuliwa katika Waraka wa Yuda, mstari wa 14, na majirani zetu Waethiopia wanacho ndani ya Biblia yao. Kimefichwa wapi?

Siwakatazi kuvisoma. Nawasihi mvisome vyenyewe, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kumwambia mtu kwamba kanisa lilimdanganya. Maneno hayo yanavunja imani ya watu, na kuijenga upya ni kazi ngumu. Na msiwatishe watoto wa shule ya Jumapili kwa zile ndimi zinazoning'inia bila kuwaambia zimetoka kitabu gani.

Mkiwa tayari, tuanze na Ufunuo wa Petro Jumapili hii, baada ya ibada ya pili. Ni mfupi, tutaumaliza kwa kikao kimoja.

Mzee wenu